Ramani Niliyoiacha Wazi

Kaka Mwakio,

Chap. Kimya kidogo, halafu chap. Hiyo ndiyo sauti niliyobaki nayo: soli ya raba yako ya kulia, iliyobanduka mbele, ikipiga vumbi kila hatua ya pili. Fundi wa viatu pale stendi alikuomba umwachie nusu saa tu aitie gundi. Ukamwambia, "Wacha hivyo hivyo, mzee. Huyu dada yangu anapenda kuongoza. Nisipopiga kelele atasahau kama niko."

Nilikuwa nikiisikia nyuma yangu kutoka kivuko cha reli hadi mwisho wa mashamba ya mkonge, asubuhi baada ya asubuhi, na sikuwahi kugeuka kukutazama. Sauti ilinitosha.

Nakuandikia hadharani kwa sababu sina anwani yako. Namba unayompigia Mama leo si ile ya wiki iliyopita, na mazungumzo yenu huisha kabla hajaketi vizuri. "Nimekula. Niko salama. Msiniulize niko wapi." Hatukuulizi. Lakini wewe uliniuliza swali moja kabla hujaondoka, nami nikakujibu uongo. Uongo huo umekaa kifuani mwangu miezi minane, pale pale ambapo pumzi hukwama mtu akifika kilomita ya thelathini na nne.

Nianze mbali kidogo, nipate joto kwanza.

Ni wewe uliyenitia kwenye mbio. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, sina kazi, nalala hadi jua linapanda juu ya kilima cha Sagalla. Ukaja ukavuta blanketi. "Amka. Hiyo digrii haitajitembeza yenyewe." Siku ya kwanza sikufika hata relini. Siku ya nne nilifika, nikatapika, nawe ukanipigia makofi kana kwamba nimeshinda kitu. Vijana wa boda pale Kaloleni, hapa hapa Voi, walitufanya kipindi chao cha asubuhi. "Ati Wataita nao wameanza kukimbia! Kwani ndovu wako wapi?" Ukawajibu bila kupunguza mwendo, "Wako nyuma yako, ndugu!" Na mmoja wao, Mungu anisamehe kwa jinsi nilivyocheka, akageuka kutazama.

Lakini ndovu walikuwapo kweli, na ndipo uliponifundisha ile kanuni yetu. Tukikuta mavi yao njiani, unainama, unayagusa kwa mgongo wa mkono kama Mama anavyopima homa ya mtoto. Yakiwa moto, tunarudi, hata kama tumebakiza kilomita mbili. Yakiwa baridi, tunapita. Nilikuuliza siku moja kama huoni kinyaa. Ukasema, "Kinyaa ni cha mtu mwenye nafasi, Mghoi. Njia inakuambia nani amepita na amepita saa ngapi. Kazi yako ni kuuliza tu." Mimi, ambaye sasa ni mwalimu wa Jiografia, sijawahi kufundisha somo la ramani lililo bora kuliko hilo.

Unakumbuka tulipokwenda kumuaga Bibi kule Wundanyi, kabla ya marathoni yetu ya kwanza, ile ya Taveta? Alituita uani, akajaza maji mdomoni, akayapuliza miguuni petu, fyuu, akarudia. Kwa Kidawida, lugha yetu ya nyumbani, akasema kwamba kama yupo mtu wa nyumba hii aliyetufungia hasira moyoni, aitoe, itoke na maji haya. Ndiko kutasa huko, kama alivyokuwa akifanya mama yake, na mama wa mama yake. Mama yetu, shemasi wa kanisa, alisimama mlangoni amekunja mikono. "Wanaenda kukimbia, Mama, hawaendi vitani." Bibi akajifuta kidevu. "Nani amekuambia hasira inangoja vita?"

Na mbio zenyewe! Tuliianza barabara kabla jua halijawa kali, kilima cha Salaita kikiwa mbele yetu, halafu ubavuni, halafu nyuma, nami nikadhani nimeshamaliza kwa sababu tu kilima kimemaliza. Kwenye kilomita ya thelathini na nne misuli ya mguu ilinikaza nikaketi chini, katikati ya barabara. Hukuniambia nijikaze. Uliketi nami. Akina mama wa Mboghoni walikuwa wameweka ndizi mbivu kwenye beseni kando ya njia, mmoja akaja akatupatia nne. "Kuleni, wanangu. Kwani mnafukuzwa na nani?" Ukanionyesha kwa kidole. "Na huyu." Tulifika wakati wanakunja hema. Yule bwana wa filimbi akasema, "Nyinyi mmetoka wapi? Tulishafunga," nawe ukasimama mbele yake na soli yako inaning'inia mpaka akafungua tena sanduku la medali.

Sijui kama niliwahi kukueleza kwa nini nilizipenda mbio hivyo. Unajua jinsi nilivyo. Naamka na hofu ambayo bado haijapata jina, na mchana kutwa naitafutia. Katika mbio ndefu hofu hupata kazi ya kufanya. Inahesabu pumzi, inapima maji yaliyobaki, inasikiliza goti. Baada ya saa tatu inachoka kabla yangu, na kwa dakika chache kabla ya mwisho huwa niko peke yangu ndani ya mwili wangu. Nilikimbia kwa ajili ya dakika hizo.

Kisha ukaja mwaka ule wa mswada wa fedha, wa vijana barabarani, wa bendera mabegani na chupa za maji mikononi. Sikwenda. Nilisahihisha mitihani. Wewe ulikwenda, ukasimama kando ya barabara kuu na kipaza sauti cha kuazima, ukasema mambo ambayo kila mtu Voi huyasema sokoni, ila wewe uliyasema na mtu akakurekodi. Kufikia jioni watu tusiowajua walikuwa wakitumiana uso wako. Baada ya hapo zikaanza zile habari za watu kuchukuliwa. Asubuhi walimu wenzangu hawakuanza tena na salamu. Walianza na, "Yule amepatikana?" Jina likitajwa tunatazamana, kisha kengele inalia, tunaingia madarasani kufundisha.

Ukahama, ukawa unalala mtaa wa Mwakingali kwa rafiki. Mama akakusihi uache na mbio. Nakumbuka ulivyomjibu, mdomo umejaa muhogo: "Mama, nikiacha kukimbia basi wameshanikamata." Kwangu ukaomba jambo moja tu, nisimwambie mtu unakolala. Sikumwambia mtu. Nilijivunia hilo. Hata mkuu wa shule aliponiuliza kwa upole, nilisema sijui.

Sasa nifike pale ninapopaogopa.

Ile programu ya kukimbia kwenye simu yangu, uliyokuwa ukiicheka, ilichora njia yetu kila siku. Mstari mwekundu kutoka kivuko cha reli, kandokando ya mkonge, hadi kwenye mgunga uliopinda, na kurudi. Saa tuliyoanza. Kila kilomita imetuchukua dakika ngapi. Nami niliiacha wazi, mtu yeyote aone, kwa sababu walikuwapo watu wa Nairobi na Eldoret, watu nisiowajua, walionipigia makofi kwa kidole gumba, na makofi hayo nilikuwa nayahitaji kuliko nilivyotaka kukubali. Jumatano ile, shule zikiwa zimefungwa, tulikimbia kilomita thelathini bila kusimama. Nilikuwa na furaha ya kipumbavu. Niliweka ramani, nikaweka jina lako kando ya langu, na chini yake nikaandika: "Kesho tena, na kaka. Saa ile ile, njia ile ile."

Alhamisi nilikuwa mbele, kama kawaida. Chap, chap. Karibu na mgunga sauti ikakatika. Sikugeuka. Nilidhani umeinama kupima mavi. Nilitaka kulinda mwendo wangu, Mwakio, nikapiga hatua nyingine thelathini au arobaini huku nikisubiri uniite, moto au baridi. Nilisikia mlango wa gari. Nilipogeuka lilikuwa gari la kijivu lisilo na namba, limetoka kwenye njia ya trekta kati ya mikonge, na wewe hukuwapo tena barabarani.

Simu iliendelea kurekodi. Ramani ya siku hiyo bado ninayo. Mstari unakwenda vizuri, unasimama, unarudi nyuma, halafu unakuwa fundo, kama uzi uliochezewa na paka. Hapo ndipo nilipokuwa nikikimbia huku na huku nikiita jina lako.

Siku tisa. Sitaziandika, Mama anazijua na wewe una zako. Walikushusha kando ya barabara kuu, bila viatu, ukaja nyumbani ukalala. Siku kumi na moja ulizokaa nasi hukuwahi kuvaa kitu miguuni. Siku ya mwisho ulikuwa umekaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, mimi naosha vyombo, ukauliza bila kunitazama, "Lakini walijuaje tutapita pale? Sikuwa nalala nyumbani. Walijuaje saa?"

Nikasema, "Voi ni ndogo."

Ukaitikia kwa kichwa. Kesho yake asubuhi ulipanda basi.

Tangu siku hiyo sikukimbia. Niliifuta ile programu, nikairudisha, nikaifuta tena. Nikitembea kwenda shuleni na gari likapunguza mwendo nyuma yangu, nasimama na kujifanya nafunga kamba. Darasani naandika ubaoni jinsi ya kusoma ramani, kisha nafuta kabla hawajamaliza kunakili. Sina hakika, na hilo ndilo linalonila zaidi. Huenda ilikuwa jirani. Huenda ni mtu aliyekufuata kutoka Mwakingali. Lakini wewe ulinifundisha kwamba njia husema nani amepita na saa ngapi, na mimi kila asubuhi nilikuwa naacha mavi ya moto njiani kwa yeyote atakayeinama kuyagusa. Siku ile niliandika na saa ya kesho yake.

Kwa hiyo jibu la swali lako ni hili: huenda walijua kutoka kwangu. Sikukuambia kwa sababu niliogopa ungenisamehe haraka, kwa ile sauti yako ya mzaha, halafu ukaondoka na hasira ndani bila mtu wa kukusaidia kuitoa.

Jumamosi nilimwambia Mama. Alikuwa anachagua maharagwe kwenye ungo. Nilimweleza yote, hata ile hesabu ya hatua. Alichagua maharagwe hadi yakaisha, kisha akasema, "Miezi minane unakula meza moja na mimi." Nikajaribu kumshika mkono. "Usinishike sasa hivi, Mghoi." Jumapili alikwenda kanisani peke yake. Jumatatu aliniwekea chai mezani akatoka. Unaijua hasira ya Mama, haina kelele. Nyumba nzima ilikuwa ikitembea kwa ncha za vidole.

Jumanne, kabla ya saa kumi na mbili, nilitoa raba zangu chini ya kitanda. Sijui kwa nini siku hiyo. Shule zimefungwa, na hofu ilikuwa imenijaa hadi nikaona afadhali niitoe nje kuliko kuilaza tena. Nilikuwa kwenye ngazi ile uliyokuwa umeikalia, nafunga kamba, Mama akatoka na kikombe cha maji. Hakunisalimu. Akapiga funda la maji, akalishika mdomoni muda mrefu, macho ameyafumba, kisha akayapuliza miguuni pangu. Fyuu. Akapiga funda la pili. Shemasi wetu, Mwakio! Maji yaliingia hadi kwenye soksi. Alisema maneno yale ya Bibi kwa sauti ndogo sana, na jina lako alilitaja kabla ya langu. Halafu akamwaga yaliyobaki kwenye sukuma wiki na kuniambia, "Simu acha hapa. Na ukirudi, mwandikie kaka yako. Yeye ndiye uliyemnyima ukweli."

Mbio za Taveta zinakuja tena. Nilijiandikisha juzi, mimi peke yangu, kwa jina langu lote. Lako sikuliandika. Hilo ni lako kuliandika, siku utakapotaka, mahali utakapotaka. Kama una hasira nami, na naomba uwe nayo kwanza, tafuta maji popote ulipo, uitoe. Hata kikombe cha plastiki kinatosha. Mimi nitajua hata usiponiambia.

Sasa nikuambie ilivyokuwa Jumanne, kisha nikuache.

Nilivuka reli bila simu. Nilipowapita vijana wa boda mmoja akaita, si kwa dhihaka, "Madam! Karibu tena!" Kwenye mashamba ya mkonge nilisikia miguu yangu tu, na kila hatua ya pili sikio lilingoja. Njia ile ya trekta bado ipo. Niliipita nikiwa nimeshika pumzi kama mtoto anayepita makaburini. Na mbele kidogo, chini ya mgunga uliopinda, yalikuwapo mavi ya ndovu, katikati ya barabara.

Niliinama nikayagusa kwa mgongo wa mkono. Yalikuwa vuguvugu. Ulinifundisha ya moto na ya baridi. Vuguvugu hukuwahi kuniambia nifanyeje. Nilisimama pale nikasikiliza mkonge mpaka jasho likaanza kunipoa mgongoni. Kisha nikaendelea mbele.

Mdogo wako, anayeongoza na bado anasikiliza nyuma,
Dada