Maneno Yaliyorudi kwa Wimbo

Mama kipenzi,

Nakuamkia, ingawa najua sitasikia marahaba yako.

Leo nimekaa barazani kwetu hapa Shella, nikaukumbuka mwaka ule, kabla ya vita vya Wajerumani, kiharusi kilipokupiga ukikuna nazi. Mkono wa kulia ulilegea, maneno yakakatika. Wewe, uliyeongoza ngoma ya vugo katika harusi za Malindi, ukipiga pembe na kuimba hadi wanawake wakasahau kurudi makwao! Ukitaka maji, ulitoa sauti moja tu, "Ta, ta," kisha machozi. Tulikunywesha kombe la aya za Kurani, tukakukanda mafuta. Jirani yetu, Bi Zuhura, akaniambia, "Mwanangu, mzoee hivyo hivyo. Akili imeshaondoka."

Nikaamini. Hilo unisamehe.

Mwezi wa tatu wa ugonjwa wako, harusi ikapita njiani. Wanawake walikuwa wakiimba wimbo wako wa kumtoa bibi harusi. Nilikuwa nakulisha uji. Ukasukuma kijiko, ukaimba. Mama, uliimba beti zote, neno kwa neno, hata ule ubeti ambao wenzako huusahau! Bakuli likaniponyoka. Wimbo ulipokwisha nikakuuliza, "Mama, wataka nini?"

"Ta, ta."

Siku nzima nilijiuliza: maneno yale yote yalikuwa yamekaa wapi?

Kesho yake nikaketi mbele yako, nikatia maneno mapya katika sauti ya wimbo ule, nikikupigapiga gotini: "Nipe maji, mwanangu, nipe maji." Ulikosea, ukakasirika, ukanitupia mto. Siku ya tisa ukaimba, "Nipe maji," nami nikakimbilia mtungi huku nikicheka na kulia. Baada ya maji tukatia uji, kisha mkeka, kisha jina langu. Mwaka ulipogeuka hukuhitaji wimbo tena. Ulisema polepole, lakini ulisema. Bi Zuhura alipobisha hodi ukamjibu, "Karibu, Zuhura. Keti." Akakaa chini pale pale mlangoni.

Mimi elimu yangu ni ya chuoni tu, ya kusoma Kurani, Mama. Sijui Mungu amekiumbaje kichwa cha mwanadamu, hata mzee wa makamo yako akajifunza upya kusema. Nikifikiri, mwili hunisisimka.

Siku moja nilikuuliza kama ulikuwa ukituelewa miezi ile ya ukimya.

"Yote," ukasema. "Nilikusikia ukilia jikoni. Nikawa natafuta neno la kukubembeleza."

Pumzika, Mama. Mungu akulaze pema.

Mwanao,
Mwanaesha