Chupa Niliyoibeba Mgongoni

Mume wangu mpendwa,

Hukutaka nikuamkie shikamoo, ulisema inakuzeesha mbele za watu. Basi nakusalimu kama tulivyozoea: za huko? Hapa Miyuji upepo wa Julai umeanza, ule wa vumbi na baridi, nami nimevaa koti lako la reli tangu asubuhi. Linanipwaya, lakini sivui.

Nina habari ya kukupa, ila kwanza nitubu. Unaukumbuka ule mlenda?

Ulikuwa umestaafu mwaka ule, na sebule yetu ilikwisha kuwa mali ya samaki. Tangi la kioo liko pale nilipotaka kuweka kabati la vyombo. Ndani yake samaki wa mapambo, bapa, wenye mapezi marefu. Nilikuuliza samaki gani hawa wasioliwa, ukacheka. Kisha wakataga, na vifaranga vyao, vyembamba kama kope, vikakataa kila chakula kisichotembea. Ndipo ukaleta lile kopo la mayai ya vikamba, vile vijidudu vya maji ya chumvi, jamii ya kamba wa baharini. Nilipolifungua nilidhani ni ugoro: vumbi la kahawia, kavu kabisa. Ukaniambia kwamba vumbi lile lina uhai, umelala tu, unangoja maji ya chumvi.

Siku ya ule mlenda, nikiwa kanisani, ukachanganya chupa ya kwanza. Maji, vijiko viwili vya chumvi kwa lita, na mayai kiasi cha ncha ya kisu. Ukaiweka kwenye rafu yangu ya jikoni, palipo na joto, halafu hukuniambia. Kwa hiyo nusu ya kosa ni lako, wewe mtu wa Kondoa. Kwetu Ugogoni chupa ya maji ya chumvi iliyokaa jikoni, ina vumbi la kahawia ndani yake, ni kitu kimoja tu: chumvi ya mbugani iliyochujwa, ya kuungia mlenda. Nilionja, nikakuta ni chumvi kweli. Nikamimina yote sufuriani.

Ulikula na ukasifu. Baadaye ukaenda kuitafuta chupa yako, ukarudi umeishika tupu. Nilingoja unifokee.

"Mke wangu," ulisema, "leo tumekula chakula cha watoto."

Ukacheka mpaka ukakaa chini. Mimi nilicheka kidogo, nikaenda chumbani kulia. Vifaranga vilikufa vyote wiki ile na hukuwahi kunikumbusha. Lakini kilichoniliza ni lile neno, watoto. Baada ya miaka yote ile ya hospitali na maombi, na maneno ya mawifi, hatukujaliwa, na kinywani mwako sikuwahi kusikia lawama. Sasa nakusikia unawapa samaki jina lile. Niliumia, nikanuna, na kununa kwangu unakujua. Sikugusa tena vyombo vyako. Kila ulipoita kutoka sebuleni, "Njoo uone, watoto wanakula," nilijibu kwamba nina shughuli. Sikuwa na shughuli yoyote, mume wangu. Nilikuwa nimekaa tu jikoni, mikono mapajani. Hilo ndilo ninalolitubu.

Sasa habari yenyewe. Tangu uondoke wamebaki samaki wawili, ile jozi uliyoipenda, nami nimekuwa nikiwapa chakula kikavu ili wasinifie. Wiki iliyopita wakataga kwenye jani. Nilijifanya sijaona. Juzi vifaranga vikaanza kuogelea, wingu zima, na nikajua kuwa visipopata vikamba ndani ya siku mbili vitakufa. Mayai ya vikamba nayo huhitaji siku nzima na zaidi kuanguliwa. Nikikosea mara moja, hakuna muda wa kurudia.

Kopo lilikuwa na mayai ya kutosha. Nilipima chumvi kama nilivyokuwa nikikuona kwa pembe ya jicho, maana kununa kote kule nilikuwa natazama. Nikawasha pampu ya hewa, mayai yakaanza kuzunguka. Mchana umeme ukakatika. Pampu ikanyamaza, mayai yakatulia, na chupa ikaanza kupoa mikononi mwangu. Ulizoea kusema yanataka joto na mwendo. Juu ya jiko niliogopa kuyachemsha. Nikapunguza maji, nikafunga kizibo, nikachukua mbeleko, nikaifunga ile chupa mgongoni.

Nikafagia uwanja nayo. Nikachambua mboga nayo. Kila baada ya muda nikaifungua ipate hewa, nikaibeba tena. Jirani yetu muuza vitumbua akanikuta hivyo, akasimama langoni. Anajua, kama mtaa mzima unavyojua, kwamba mimi sina wa kubeba. Akaniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa jibu, "Mama, umebeba nini?"

"Chakula cha watoto," nikamwambia.

Umeme ulirudi jioni, nikarudisha pampu. Leo nimeizima, nikamulika tochi chini ya chupa. Maganda yakaelea juu, na chini, penye mwanga, vikakusanyika vikamba, rangi ya chungwa, vinarukaruka. Nilivichuja kwa leso yako, nikavisuuza kwa maji baridi, nikavidondosha tangini. Vifaranga vikavirukia. Muda si mrefu kila katumbo kakawa ka rangi ya chungwa, na kwa kuwa miili yao inapenyeza mwanga, niliona kila kimoja kilivyoshiba. Nilikutafuta kwa macho, nikakiona kiti chako. Nimekukosa sana, mume wangu. Nimekukosa kuliko siku ile tuliyokuzika.

Kisha nikafungua dirisha, nikamwita yule jirani.

"Njoo uone, watoto wanakula."

Hakusema ana shughuli. Alikuja na unga mikononi.

Pumzika. Kopo nimelifunika vizuri, na chupa ya kesho iko tayari.

Mkeo