Msimng'oe Nashipae Meno

Dar es Salaam

Kwako Yeyo, mama yangu,

Takwenya. Najua umeshaitikia hata kabla Nasieku hajamaliza kulisoma neno hilo. Watoto wameamkaje? Ng'ombe je, na yule ndama wa mweusi anasimama sasa? Mvua imefika Kakesio, au bado mnaiona kwa mbali tu? Goti lako linakusumbua? Mimi ni mzima, ila joto la huku linanimaliza, na hamu ya nyumbani ndiyo usiseme. Natamani hata moshi wa nyumba yako uniwashe macho.

Nasieku, dada yangu, msomee Yeyo polepole na usiruke kitu. Jumapili mlipopanda kilimani kutafuta mtandao, simu ilikatika sijasema lililo moyoni. Nilisikia kwamba Nashipae, binti yangu, ameota meno mawili ya chini nyuma ya yale ya utoto, na kwamba Yeyo ameshamwita mama wa kung'oa. Tangu siku hiyo chakula hakipiti. Nakuomba, Yeyo, msimng'oe kwanza.

Usidhani nimekuwa mtu wa mjini. Pengo langu ninalo na silifichi. Unajua nafanya kazi kwa mama mmoja, daktari wa kupanga meno, naosha vifaa na kuita wagonjwa. Siku ya kwanza mama huyo alinivuta pembeni, akafunga mlango, akaniuliza kwa upole nani amenipiga. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikamweleza kwamba kwetu mtoto hung'olewa mawili ya chini, ili siku akishikwa na pepopunda na taya likajifunga, apitishiwe maziwa hapo. Akasema wazee walikuwa na akili, ila siku hizi kuna sindano ya kuikinga. Na Nashipae alichomwa, Yeyo, wewe mwenyewe ulimbeba mpaka zahanati.

Kazi yake nilidhani ni waya tu. Waya zipo, anazibandika jino kwa jino na kuzikaza kila mara, na watoto wa shule wanachagua vimpira vya rangi kama sisi tunavyochagua shanga. Lakini wapo wanaonyonya kidole mpaka meno ya juu yametoka nje, hao anawatengenezea kifaa cha kuwaachisha. Mwingine taya la chini limetangulia la juu, anarekebishwa taratibu angali anakua. Waliozaliwa na mdomo sungura, wakishashonwa hospitali, huja kwake kupangiwa meno. Hata watu wazima wenye wajukuu wanakuja. Na waya zikitolewa bado mtu anapewa kifaa cha kulala nacho, maana meno ni kama mbuzi, ukiyaachia yanarudi yalikotoka. Sasa cheka, Yeyo: kuna wakati naye anaagiza meno mazima yang'olewe ili mengine yapate nafasi. Nikamwambia, kumbe daktari na wewe ni Mmasai.

Nilimwonyesha ile picha ya mdomo wa Nashipae aliyonitumia Nasieku. Aliitazama sana. Akasema hayo ya nyuma ndiyo ya ukubwani, yaking'olewa hayaoti tena. Ya utoto yakishadondoka, mara nyingi ulimi wenyewe huyasukuma mbele hayo mapya. Yasiposogea, nimlete amwone. Haraka haipo.

Najua utakachosema. Wenzake watamcheka. Utasema mimi ulinilaza mapajani, ukanishika kichwa, na sikufa. Kweli sikufa, na sikulaumu hata kidogo. Ila mtoto huyu ameota meno nikiwa mbali, na nikifikiria yang'olewe pia nikiwa mbali, roho inaniuma.

Nimeomba ruhusa na Daktari amekubali. Mvua zikikatika na barabara ya kutoka Karatu ikipitika, nitakuja.

Nisalimie baba mdogo Lemayian anayetuchungia ng'ombe, na mama Saitoti jirani yetu, aliyenipa maziwa ya njiani nilipoondoka. Shemeji, mume wa Nasieku, mwambie blanketi lake nimeshalinunua, aache kuuliza.

Kuna neno moja Nasieku aliniambia kabla simu haijakatika, na ndilo linalonitoa machozi mbele ya wagonjwa. Kumbe habari ya kung'oa hukuianza wewe. Nashipae mwenyewe ndiye aliyekuja kukuomba wewe bibi yake: "Koko, ning'oe. Nataka pengo kama la mama." Ulipomuuliza sura ya mama ikoje, hakukumbuka kitu kingine.

Basi mwambie, Yeyo, kwamba anafanana na mama yake hata akiwa na meno yake yote mdomoni. Mwambie kila asubuhi, hata asipouliza, mpaka nifike nimwambie mwenyewe.

Ni mimi binti yako,
Namunyak