Matundu Niliyoyaziba

Shangazi,

Nakuandikia nikiwa hapa ofisi ya kata. Wenzangu wametoka kwenda kula, nami nimeiweka barua hii chini ya faili ili mtu akiingia ghafla asiione.

Siku ya kuanua matanga ukoo ulinipa mimi banda lako la uyoga, kwa kuwa mimi ndiye damu yako. Editha alipewa kanga mbili na shukrani. "Huyu alikuwa msaidizi tu," alisema Baba mdogo. Nilijua si kweli. Tangu atoke kijijini kwao Mbingu aliishi nawe miaka minne akikuita mama. Mimi nikija likizo ulinizuia mlangoni mwa banda: "Wewe kasome, humu mwachie Editha." Nilisoma, Shangazi. Lakini nilikuwa nawasikia mkicheka humo ndani.

Kwa hiyo sikumpinga Baba mdogo. Moyoni nilifurahi.

Masika ilipoanza, jirani aliua nyoka uani kwake. Unajua nilivyo mwoga. Jioni ileile nilikanda udongo nikaziba matundu yote sita ya chini ukutani. Ya juu niliyaacha, nikaona yanatosha. Kila asubuhi niliandika kwenye daftari joto la banda na maji niliyonyunyiza, kwa mwandiko safi kabisa. Uyoga ukaota na miguu mirefu, myembamba, na vikofia vidogo kama vifungo vya shati. Nikaongeza maji. Ukaanza kuoza.

Niliogopa watakavyosema kanisani, kwamba nimeliua banda lako hata kaburi halijaota majani. Siku tatu nilipita kwa Editha anapouza vitumbua, nikamsalimia, nikaendelea na safari. Siku ya nne nilimwambia.

Aliingia, akayatazama matundu niliyoyaziba, kisha akaangua kicheko. "Karani wee! Umeuziba uyoga pua!" Halafu akasema, "Mama alisema, ukiingia humu kichwa kikawa kizito, ujue na uyoga umekosa hewa. Hewa chafu hulala chini."

Mama alisema. Sentensi hiyo sijawahi kuisikia. Ni yako, hata lile neno la mwisho alilivuta kama wewe, na inaishi mdomoni mwake.

Hatukununua kitu. Aliyazibua matundu kwa mtalimbo, akayafunika kwa vipande vya chandarua chakavu ili nzi na nyoka wasipite. Akakata vitako vya makopo matatu ya rangi, akayaunganisha kuwa bomba, akalipaka masizi na kulisimamisha juu ya paa, ili jua lilichemshe livute hewa kwenda juu. Kisha akawasha unyasi, akauzima, akauweka kwenye tundu la chini. Moshi ukapinda, ukaingia ndani kama umeitwa.

"Umeona, mtoto wa ofisi?"

Niliona. Niliona pia mikono yake inavyofanya bila kufikiri, nikatamani utokee umnyang'anye ule unyasi unipe mimi.

Sasa uyoga una kofia pana. Nimemwambia Editha nusu ya banda ni yake. Baba mdogo bado hajui. Nitamwambia Jumapili baada ya misa. Lakini usidhani wivu umeisha. Akiimba huku akining'iniza mifuko ya majani ya mpunga ya kuoteshea uyoga, najiuliza kama wimbo huo nao ulimfundisha wewe.

Juzi alisema bila kunitazama, "Humu ndani Mama hakuwa na habari nyingine. Ni wewe tu, wewe tu, mpaka nachoka. Nilikuwa nakuchukia, dada."

Mfuko ulinidondoka. Sikuthubutu kumuuliza ulikuwa ukisema nini.

Pumzika, Shangazi wangu. Nakuahidi nitamuuliza, kidogo kidogo, mpaka anipe yote. Yeye ana kila neno ulilosema juu yangu, na mimi sina hata moja.

Mwanao,
Tumaini