Kiganja ya juu

Lundi, 4 mars
Niko nachekecha bunga ya maman, kitabu kwa magoti. Ile ya uchumi, ya tonton, ndugu ya maman, jalada ilishakatika. Lakini leo nimeelewa! Offre na demande njo sambaza, ile samaki kidogo ya ziwa. Mwezi ikiwaka sana, bavuvi banarudi na kidogo, bei inapanda. Giza ikirudi, sambaza inajaa, bei inashuka. Paka vile! Mwalimu angesema hivi, singelala kwa masomo.

Mardi, 5 mars
Leo bénéfice, ile faida. Maman anajaza kopo, anasawazisha na mukono, kisha anaongeza kiganja moja juu. Matabishi. Bure! Kila mutu! Nimehesabu: kwa gunia moja, ni makopo mingi tunatupa. Na ile meza ya bunga njo inatulisha tangu papa alikufa. Nilimusumbua maman mupaka akachoka. «Basi, kesho uza weye.»

Mercredi, 6 mars
Nimeuza bila matabishi. Mama Furaha, jirani, kliya, ananunua kwa maman tangu mbele sijazaliwa, alilipa, akabakia na kitunga wazi. Akangojea.
«Binti, mukono yako inaumwa?»
Batu bakacheka. Nikamweleza bénéfice.
«Aa! Basi ile bénéfice ikununulie bunga.»
Akaenda.

Vendredi, 8 mars
Gunia haishuki. Batu banapita, banasalimia vizuri, banaenda meza ya ng'ambo. Jana mvua iliingia, bunga ya chini inaanza kunuka. Niko na haya. Niko na woga. Maman anaendelea kuchekecha tu. Afazali angenigombeza.

Siku ya posho, 9 mars
Maman amenituma kwa Mama Furaha na viganja mbili za bunga nzuri ndani ya sahani. Mama Furaha hakucheka. Akasema wakati papa alikufa, bunga ya maman ilikuwa ya mawe, sababu alichekecha na machozi. «Tulinunua tu. Tulitoa mawe kwetu nyumbani.»
Kisha akachukua kitunga yake, tukashuka pamoja mupaka kwa meza. Bengine bakamuona, bakarudi.
Nimetafuta ukurasa ya hiyo kwa kitabu. Haiko.

Siku ya Mungu, 10 mars
Tumetoka misa. Bugali na sambaza. Nilimaliza yangu haraka, kama kawaida. Maman akakata kipande kwa yake, akaweka kwa sahani yangu, akaendelea kukula.
Sikuhesabu.