Siagi ya Kwa Karisa

Jumatatu, 4 Agosti
Mahamri ya watoto, chai, kisha Malindi, duka kubwa. Siagi ya maziwa hakuna. Rafu tupu. Mwuzaji anasema iliyobaki stoo ni ya wanaoagiza kwa simu. Nikatoa simu palepale mbele yake, nikaagiza. Ikaniuliza naishi wapi. Kakuyuni. "Hatufiki eneo lako." Siagi iko nyuma ya ukuta na mimi siipati. Nimekasirika hata nikasahau kununua chumvi.

Keki ni ya harusi ya wifi yangu Mbeyu, Jumamosi. Keki yangu ya kwanza ya harusi. Mavyaa, mama yake, amesema ikifika Alhamisi jioni sina vitu, ataagiza keki mjini. Maduka ya hapa yana mafuta ya kukaangia tu.

Jumanne, 5 Agosti
Siwezi kutulia. Lori la duka lilelile limekuja kuchukua mayai yetu, kama kila Jumanne na Alhamisi. Likija huja tupu! Miaka miwili nalipakia mayai na sijawahi kuliwazia hilo. Eti hawafiki.

Nimemwuliza dereva, Charo, kama ataniletea mzigo. Akacheka. Akasema niagize, na anwani niandike lango la nyuma la duka lenyewe, pale anapopakia. Simu ikakubali. Kwa hiyo mtu wa pikipiki ataitoa siagi mlango wa mbele, azunguke ukuta, aipeleke mlango wa nyuma. Nimecheka peke yangu jikoni. Jina la mzigo nimeandika la boma letu, Kwa Karisa, Kakuyuni.

Jumatano, 6 Agosti
Nimeosha vyombo vya kuokea mara mbili. Mayai nimeyaficha watoto wasiyaone. Raha tupu.

Alhamisi, 7 Agosti
Lori limekuja, dereva si Charo. Charo katumwa Mariakani. Huyu mgeni anasema mzigo kaushusha njiani, Kwa Karisa, kaonyeshwa na watu. Huku kila boma huitwa kwa jina la babu aliyelianzisha, na akina Karisa ni wengi. Mjinga ni mimi. Jua kali, siagi sijui iko wapi. Nimemwomba Mavyaa anipe mpaka kesho adhuhuri. Simu ya kuagiza keki hakuishika.

Ijumaa, 8 Agosti
Imepatikana! Boma la tatu, karibu na zahanati. Bibi wa pale, Hawe Sidi, hata hakuniacha nimalize shikamoo. "Kitu chako kilianza kulegea, mwanangu, nikakitia mtungini." Siagi imo ndani ya maji ya kunywa, mfuko umefungwa vizuri, imeshikana. Nimemkumbatia mpaka akalalamika mgongo.

Akauliza kama lori laweza kumletea maziwa ya mjukuu wake. Magoti yake mabovu, na maziwa huyafuata Malindi kila wiki. Nikasema ndiyo, nikakimbia. Saa tano na nusu siagi ilikuwa mezani kwa Mavyaa. Nimeoka mpaka magharibi. Keki imeumuka, haikupasuka.

Jumapili, 10 Agosti
Keki ilikwisha jana kabla ya pilau. Mavyaa aliongeza kipande cha pili. Kwa Mavyaa hayo ni maneno mengi.

Leo kumetulia. Mbeyu keshakwenda kwake. Charo amerudi.

Nimefungua simu. Bado inasema hatufiki eneo lako. Nimeagiza maziwa ya Hawe Sidi, lango la nyuma. Jina la mzigo: Kwa Karisa wa zahanati.