Kwa Masikio, na kwa Aliyesimamisha Cherehani

Mwaka umetimia, kaka, tangu ulipotutoka, na bado tukipita mlangoni pako tunashusha sauti.

Tulikuita Masikio. Ulikuwa ukizima kioo cha kompyuta, unafumba macho, unasikiliza programu uliyoitengeneza inayowasomea wasioona maandishi. Wanao walipokuwa wadogo walidhani umelala, wakakuletea mto. Neno likitamkwa vibaya ulilirudia, ukalirudia, mpaka likae sawa.

Kampuni ilipokuja kuinunua, iifunge kwa wasiolipa na kuiuza ghali, ulikataa. Tukakujia juu: "Kaka, unachezea bahati!" Ukacheka. "Nikiwauzia, yule mpokea simu asiyeona, anayeitumia kazini, atawalipa nini? Atawaimbia?" Ukaendelea kuigawa bure, na aliyetaka kujua ilivyoundwa ulimfungulia, ukamketisha, ukamfundisha.

Siku ya mazishi tulisema ulijinyima. Tulilisema vizuri, watu wakalia. Juzi tulikusanyika sebuleni kwako kuandika tangazo hili la kumbukumbu, tukataka kulirudia neno lile. Shemeji akaweka mkasi chini.

"Alijinyima nini? Alikula nilichopika, akalala nilipotandika, akafanya kazi aliyoipenda mpaka mwisho. Mume wangu alikuwa mtu wa raha zake, jamani."

"Lakini shemeji, si hakupata hela?"

"Kwani mlidhani nyumba hii ilikuwa inakula hewa?"

Sare za shule alizoshona ndizo zilizolipa pango, na umeme wa kompyuta yako. Nawe ulipokuwa ukisikiliza, alisimamisha cherehani ili isiimeze ile sauti, kisha akazikimbiza nguo za watu baadaye, mgongo ukimuuma. Tena sisi, tukija kukusalimia, ndio tuliomwambia: "Shemeji, punguza kelele kidogo, mwenzio yuko kazini." Yeye naye alikuwa kazini, kaka. Hilo halitutoki moyoni.

Wewe hatukulaumu. Huenda mliyaongea wenyewe, mkayamaliza. Ila sisi hatukumuuliza hata siku moja. Tulikusifu kwa mzigo ambao nusu yake ilikuwa begani kwake, na yeye akiwa amekaa pale pale, kitambaa cheusi kichwani, akitusikiliza.

Tumemwomba radhi. Hakusema ametusamehe. Alisema tu: "Hilo neno lifuteni. Andikeni nilimpenda. Na andikeni nilichoka."

Tumelifuta. Alikupenda, kaka. Na alichoka.

Unakumbukwa na mkeo, fundi cherehani, ambaye safari hii tumemtaja kwanza, wanao wawili, mama, sisi wadogo zako, pamoja na mpokea simu, aliyesomewa tangazo hili na sauti ya programu yako kabla halijachapishwa.

Hatutakusahau, Masikio. Wala yeye hatutamsahau tena.